Mteja Mgumu kwenye Meza ya Ushuru: Mwongozo kwa Wanaojaza Ritani Malindi

Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka, yaani tamko la mapato na ushuru kwa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya), ni Juni 30, na kwa Malindi, huku pwani, tarehe hiyo imekaa vibaya. Upepo wa kusi umeshika, mashua nyingi zimepandishwa, hoteli zimefunga baadhi ya vyumba, na muuza vinyago hajaona mgeni wa maana tangu Pasaka. Mtu wa namna hiyo akiambiwa anadaiwa, hasira zake humwangukia aliye karibu, naye ni wewe.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayejaza ritani za watu kwa malipo: mhasibu wa ofisi ndogo, wakala wa ushuru, hata mwenye saiba anayesaidia mtaa. Kumbuka kwamba Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inamtaka wakala wa ushuru awe na leseni ya Kamishna wa KRA. Kama huna, mteja akae ubavuni mwako, aingize nywila yake mwenyewe, na kitufe cha kuwasilisha akibonyeze yeye.

Hatua ya 1: Malizeni maneno kabla ya kuwasha kompyuta

Ugomvi mwingi chanzo chake ni "tutaelewana". Bei ikiachwa hewani, mteja anakadiria yake na wewe yako, na siku ya kudai kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Andaa karatasi moja ya Kiswahili chepesi, nakala mbili, nyote mtie sahihi. Isikose mambo haya:

- Kazi yenyewe na mwaka wake. Aliyeruka miaka mitano hudhani bei uliyomtajia inafuta yote mitano.
- Bei na siku ya kulipwa. Nusu anapoleta karatasi, nusu kabla ya kuwasilisha. Akishapata risiti ya KRA ya kupokelewa ritani, kwake kazi imekwisha, na deni lako linapanga foleni nyuma ya karo na mchele.
- Siku ya mwisho ya kuleta karatasi. Mei 31 yafaa. Akija baada ya hapo, bei ni nyingine na hakuna ahadi.
- Ushuru na faini zake ni juu ya mteja. Faini iliyotokana na kosa lako la kujaza ni juu yako. Liandike wazi hivyo hivyo.
- Tamko lake kwamba ametaja mapato yote. Sahihi ya hapa ndiyo utakayoishika siku akikana.
- Vitu vyake ulivyo navyo na unavyovitunza: nakala ya kitambulisho, PIN (namba yake ya mlipa ushuru), taarifa za M-Pesa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata kama ofisi yako ni meza moja na feni.

Wengine watauliza kama huwaamini. Jibu la kutosha: "Ami, karatasi hii yanilinda mimi na yakulinda wewe. Nikikosea, una pa kunishikia."

Jamaa ndio wenye kazi. Malindi ni mji wa kujuana, na mtu atakuja na "wewe si mwanetu?" kabla hajakaa. Amua mapema jamaa wanapunguziwa kiasi gani, uandike kwenye karatasi ile ile bei kamili na punguzo lake: "Sh3,000, punguzo la jamaa Sh1,000, salio Sh2,000." Kazi ya bure isiyoandikwa ndiyo inayokuja kulaumiwa zaidi, maana asiyelipa hajui umefanya nini. Na punguzo liishie kwenye malipo yako. Tarakimu za ritani hazina ujamaa.

Hatua ya 2: Fungua PIN mbele yake

Usitaje hesabu yoyote kabla ya kuona hali ya PIN kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Angalia mambo manne kwa mpangilio huu.

Kwanza, barua pepe. PIN nyingi zilifunguliwa saiba, na barua pepe iliyosajiliwa ni ya kijana aliyekwisha hamia Mombasa au Qatar. Nywila mpya ikiombwa, inakwenda kwake. Suluhisho si kumtafuta yule kijana. Mteja aende mwenyewe na kitambulisho ofisi ya KRA au Huduma Centre, abadilishiwe barua pepe, awekewe iliyo yake. Hili lifanywe Februari au Machi, foleni zikiwa fupi.

Pili, wajibu uliosajiliwa, yaani aina za ushuru anazotakiwa kujazia ritani. Hapa ndipo panapotoka vilio. Mtu alipofungua PIN aliulizwa anataka nini, akakubali kila kitu, akapachikwa VAT (ushuru wa thamani ya ziada) na PAYE (ushuru anaokatwa mwajiriwa kwenye mshahara) bila kujua. Kila mwezi bila ritani ya VAT ni faini ya Sh10,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Mwaka mmoja wa kusahau, hata bila mauzo, ni Sh120,000. Mwonyeshe kwenye kioo ulipotoka mzigo, kisha muombe kuondolewa wajibu usiomhusu. Fahamu kwamba kuuondoa hakufuti faini zilizokwisha kuandikwa, na mwambie hivyo siku hiyo hiyo.

Tatu, miaka isiyojazwa. Kwa mtu binafsi, kuchelewa ritani ya mwaka ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, iliyo kubwa. Kwa kampuni ni Sh20,000 au asilimia 5.

Nne, vyeti vya ushuru wa zuio, yaani ushuru aliokatwa na anayemlipa. Mteja atakwambia hakufanya kazi na mtu, na pale kuna hoteli iliyomkata asilimia 5 ya malipo ya ushauri wake. Cheti hicho ni pesa yake, kinapunguza deni. Ukianza na habari njema kama hii, mazungumzo yanayofuata huwa mepesi.

Piga picha ya kila ukurasa siku hiyo, uhifadhi na tarehe. Akisema baadaye kwamba faini umemletea wewe, una ushahidi wa hali uliyoikuta.

Hatua ya 3: Karatasi, na hasa M-Pesa

Mwajiriwa alete P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na PAYE ya mwaka. Mfanyabiashara alete ankara za eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki), taarifa za benki, taarifa za M-Pesa za miezi 12, na daftari kama analo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi hupotea na habari ikafika KRA. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliki kupunguza mapato, isipokuwa zile zilizosamehewa kama mishahara na bidhaa zilizoingizwa nchini kupitia forodha. Mteja aliyenunua mbao, barafu au samaki kwa kalamu na karatasi atakasirika kusikia hivyo. Mwambie mapema: mwakani aombe ankara siku ya kununua. Kurudi kwa muuzaji baada ya miezi minane ni kazi bure.

Risiti za karatasi ya joto hufifia upesi kwa jua na unyevu wa pwani. Zile alizoweka kwenye kikasha cha tuktuk huwa nyeupe kabla mwaka haujaisha. Mwelekeze kuzipiga picha siku hiyo hiyo: risiti moja picha moja, imelazwa, mwanga ukitoka ubavuni. Wateja wa Lamu na visiwani wanaotuma kila kitu kwa WhatsApp wahitaji maelekezo hayo hayo, pamoja na jina la mwezi juu ya kila fungu.

Taarifa ya M-Pesa huombwa kupitia *334# au programu ya simu, na faili hufungwa kwa nambari ya siri. Ombeni faili na nambari kwa pamoja, la sivyo mtapigiana simu wiki nzima.

Sasa kaeni nayo. Hapa ndipo mteja anaposema, "Pesa zote hizo si zangu," naye mara nyingi anasema kweli. Ukijumlisha kila kilichoingia utamkadiria mtu ushuru wa pesa za chama. Ukiyakubali maneno yake kama yalivyo, utaficha mauzo. Chora safu nne:

1. Mauzo: aliyelipa ni mteja wa biashara.
2. Pesa zilizopita: mchango wa harusi au matanga, chama, za kumnunulia mtu kitu.
3. Mkopo na pesa zake mwenyewe kutoka benki au laini nyingine.
4. Sijui.

Pitieni pamoja mwezi mmoja mzima, mstari kwa mstari, mteja akisema na wewe ukiandika. Chagua Desemba au Januari, maana ndipo biashara za Malindi hujaa. Ikiwa mwezi huo ulikuwa na mistari 180 na mauzo ni 110, utaona majina yanayojirudia na saa za malipo, na miezi mingine atajaza mwenyewe nyumbani kwa kalamu ya rangi. Safu ya nne isibaki na kitu kikubwa. Kwa mstari wa Sh80,000 uliokaa kwenye "sijui", muulize tena kwa upole, na jibu lake liandikwe pembeni kwa mkono wake. Kosa la wengi ni kuipanga taarifa peke yao usiku, kisha wampe mteja jumla asiyoitambua. Jumla asiyoitambua ataikataa.

Hatua ya 4: Mpe hesabu kabla ya kuwasilisha

Mteja asisikie kiasi anachodaiwa baada ya ritani kwenda. Mwandikie kwenye karatasi, kwa tarakimu kubwa, umweleze njia zilizopo.

Chukua mwenye duka aliyeuza Sh2,400,000 kwa mwaka. Yuko kati ya Sh1,000,000 na Sh25,000,000, kwa hiyo anaingia kwenye ushuru wa mauzo, TOT, wa asilimia 3: Sh72,000 kwa mwaka, analipa kila mwezi kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Gharama hazihesabiwi. Kama faida yake halisi ni Sh480,000 na ana ankara zote, ushuru wa kawaida ungekuwa hivi: Sh288,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni Sh28,800, Sh100,000 zinazofuata kwa asilimia 25 ni Sh25,000, Sh92,000 zilizobaki kwa asilimia 30 ni Sh27,600. Jumla Sh81,400, toa nafuu ya kibinafsi Sh28,800, inabaki Sh52,600. Anaweza kumwandikia Kamishna kuomba kutoka kwenye TOT. Lakini faida ikiwa Sh1,000,000, ushuru wa kawaida unafika Sh208,600, na TOT ndiyo nafuu yake. Mteja aliyeona hesabu zote mbili ubavu kwa ubavu hulalamika mara moja tu, kisha anachagua. Asiyeonyeshwa anaamini umemchagulia iliyo mbaya.

Hapa pia mtajie tarehe isiyojulikana na wengi: ritani ni Juni 30, ila salio la ushuru wa mwaka hulipwa kufikia Aprili 30. Anayekuja Juni na deni amekwisha kuchelewa. Na ikiwa ushuru wake wa mwaka unapita Sh40,000, alitakiwa kulipa kwa awamu Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Kwa mtu wa utalii au bahari, mshauri atenge pesa wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ziwekwe kwenye akaunti isiyo ya matumizi.

Fedha za ushuru zisipite mkononi mwako. Tengeneza namba ya malipo kwenye iTax, mteja alipe mwenyewe kwa Paybill 222222, akaunti ikiwa ni ile namba. Akikusihi, "Nikutumie wewe unilipie," kataa, hata awe mzee wa mtaa. Pesa ikikaa kwenye simu yako siku mbili, mtandao ukasumbua, riba ikaingia, tayari umeitwa mla ushuru, na hilo halisafishiki kwa karatasi.

Wateja wenyewe, aina kwa aina

*Anayetaka ritani ya sufuri.* Sufuri ni halali kwa asiyekuwa na mapato yoyote mwaka mzima: mwanafunzi, asiye na kazi. Si ya mwalimu ambaye mwajiri wake amekatia PAYE kwa PIN yake, wala ya mwenye vyumba vya kupangisha. Usimhubirie, mpe hesabu. Ushuru wa Sh52,600 ulioachwa kwa makusudi huongezewa adhabu ya asilimia 75, ambayo ni Sh39,450, na riba juu yake. Ikiwa ni uzembe tu, adhabu ni asilimia 20. Kwa kawaida KRA hurudi nyuma miaka 5, lakini penye udanganyifu hakuna ukomo. Udanganyifu ukithibitishwa mahakamani, faini ni hadi Sh10,000,000 au mara mbili ya ushuru uliokwepwa, iliyo kubwa, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili, na aliyesaidia naye hatazamwi pembeni. Akisisitiza, mwambie: "Bwana, hiyo siijazi. Karatasi zako hizi hapa, na nusu uliyonipa tutahesabu kazi niliyokwisha kufanya." Kisha nyamaza. Maelezo ya pili na ya tatu humpa nafasi ya kukupunguza nguvu.

*Anayeficha.* Mficha uchi hazai, na kwenye ushuru hana wa kumtetea. Dalili zake: anajibu haraka sana, analeta taarifa ya laini moja na ana laini mbili, au anasema "hiyo nyumba ni ya ndugu yangu" kabla hujauliza nyumba. Usimshtaki. Uliza maswali yanayotaka jina: nani analipa kodi ya chumba cha nyuma, stima iko kwa jina la nani. Asipofunguka, tamko lake lenye sahihi liambatane na faili, na kama una hakika anasema uongo, achana na kazi hiyo.

*"Binamu yangu wa Nairobi amesema."* Binamu huwa amesikia jambo la kweli lililomhusu mtu mwingine. Muulize binamu ana biashara ya aina gani na ya mauzo kiasi gani, na tofauti itajitokeza yenyewe. Mfano unaorudi kila mwaka ni msamaha wa faini na riba: ulikuwepo, ukafungwa Juni 30, 2025. Mwingine ni zaka. Mteja atasema amekwisha toa. Heshimu, useme kwamba ritani haina sanduku la zaka aliyompa jirani. Kinachokubalika ni mchango kwa taasisi ya hisani iliyosamehewa ushuru, na uthibitisho wake.

*Mwenye nyumba.* Hawa hubishana kuliko wote, kwa sababu ushuru wao hauangalii gharama. Mwenye vyumba sita Barani, kila kimoja Sh5,000, anapata Sh360,000 kwa mwaka. Amepita Sh288,000, kwa hiyo ni asilimia 7.5 ya kodi yote anayopokea: Sh2,250 kwa mwezi, kufikia tarehe 20. Rangi, mabati na fundi wa maji haviondolewi. Mwenye vyumba vinne vya bei hiyo, Sh240,000, hayumo kwenye mfumo huo wa kila mwezi, lakini mapato hayo yanaingia kwenye ritani yake ya mwaka. Chumba kikikaa tupu, anatangaza alichopokea tu. Aandike kwenye daftari tarehe mpangaji alipotoka. Nyumba inayopokea wageni wa usiku mmoja mmoja ni biashara, usiichanganye na hii.

*Mgeni mwenye villa.* Malindi na Watamu hawakosekani, Waitaliano hasa, na mara nyingi anayekuja kwako ni msimamizi wa nyumba. Usifanye lolote bila barua ya mwenye mali inayomtaja msimamizi kwa jina na kazi aliyopewa. Kisha omba nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri, uhesabu siku. Aliyekaa Kenya siku 183 au zaidi katika mwaka ni mkazi kwa ushuru. Ndivyo pia mwenye makao ya kudumu hapa aliyefika kwa muda wowote mwaka huo, au ambaye wastani wake wa mwaka huo na miwili iliyotangulia unapita siku 122. Ile asilimia 7.5 ni ya mkazi. Asiye mkazi, kodi anayolipwa na wapangaji inakatwa ushuru wa zuio wa asilimia 30 ya jumla. Tofauti hiyo ndiyo inayozua mayowe, kwa hiyo hesabu ya siku iwe kwenye karatasi kabla ya neno lolote la asilimia. Kama lugha ni tatizo, tafuteni mkalimani asiyefanya kazi kwenye nyumba hiyo.

*Wa Juni 29.* Mfumo huelemewa siku za mwisho, na ritani ya mwenye biashara ni faili ya Excel yenye makro inayokataa kukaguliwa kwa kosa dogo kama tarehe iliyoandikwa vibaya. Mpe majibu mawili tu: karatasi zikiwa zimekamilika, anapangiwa saa na bei ya haraka; zikiwa hazijakamilika, anachelewa na faini yake unamtajia sasa. Usijaze makadirio ya haraka kwa ahadi ya "tutarekebisha". Ritani inaweza kurekebishwa, ndiyo, lakini mteja akishapata risiti harudi, na kosa linabaki na alama za vidole vyako.

*Anayepiga kelele.* Mwache amalize. Msogeze mbali na wateja wengine, mpe maji, na kama ni Ramadhani mchana, mwombe arudi baada ya futari. Mkirudi, gawa deni vipande. Tuseme ushuru ni Sh60,000 uliopaswa kulipwa Aprili 30, na sasa ni mwisho wa Novemba, na ritani nayo ilichelewa. Faini ya kuchelewa kulipa, asilimia 5, ni Sh3,000. Faini ya kuchelewa ritani, asilimia 5, ni Sh3,000. Riba ya asilimia 1 kwa mwezi, miezi 7, ni Sh4,200. Jumla Sh70,200. Weka kidole kwenye riba: "Mzee, hii ndiyo inayokua. Ukilipa hata kidogo leo, inakua kidogo." Anaweza kuomba KRA kulipa kwa awamu, riba haisimami, ila anapata mpango anaouweza. Mtu akipata kitu cha kufanya leo, sauti hushuka. Akitukana au kutisha, kikao kimekwisha, na kinachofuata kiwe kwa maandishi.

*Asiyekulipa.* Unaweza kuzuia kazi ambayo hujaikabidhi. Usizuie kitambulisho, hati wala risiti zake, na usithubutu kumbadilishia nywila ya iTax ili umshike; Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mitandao ya 2018 haitazami deni lako. Mahakama ya Madai Madogo husikiza madai yasiyozidi Sh1,000,000, lakini kwa Sh3,000 utatumia zaidi ya utakachopata. Mwandikie ujumbe mmoja wenye kiasi na tarehe, mwingine baada ya wiki mbili, kisha mtoe kwenye orodha ya mwakani.

Barua ya KRA ikifika

Mteja ataileta ikiwa imekunjwa mara nne, na mara nyingi imelala nyumbani wiki tatu. Swali la kwanza: ilipokelewa lini? Kupinga uamuzi wa ushuru kuna siku 30 tangu kujulishwa. Zikipita, inabidi uombe ruhusa ya kuchelewa kwa sababu za maana kama ugonjwa au kuwa nje ya nchi. Pingamizi litaje kila hoja na kiasi chake, liambatane na ushahidi, na sehemu ya ushuru isiyobishaniwa iwe imelipwa au kuna mpango wa kuilipa. Kamishna ana siku 60 kujibu. Asipojibu, pingamizi huhesabiwa limekubaliwa. Akikataa, kuna siku 30 za kwenda Baraza la Rufaa za Ushuru.

Mteja mwenye woga atataka umpigie "mtu wa ndani". Mwambie huna, hata kama unamjua. Na asilipe chochote kwa namba binafsi ya simu, awe nani anayepiga.

Kuachana

Wapo wa kuacha: aliyekuomba kughushi, aliyekudanganya mara mbili, asiyelipa, na anayemtukana msichana wa mapokezi. Wakati wake ni Julai au Agosti. Kumwacha mtu Juni 25 ni kumtia faini. Andika barua fupi isiyo na lawama: kazi iliyokamilika, iliyobaki, na tarehe zinazomkabili. Mrudishie karatasi zote kwa orodha, atie sahihi mbele ya kila moja. Kama umesajiliwa kuwa wakala wake kwenye iTax, jiondoe. Mwambie abadilishe nywila mbele yako. Nakala zako na zile picha za siku ya kwanza uzitunze miaka 5, sawa na muda ambao yeye mwenyewe anatakiwa kuweka kumbukumbu zake.

Akikuuliza umpeleke kwa nani, mtajie watu wawili na uchaguzi awe nao yeye.